Maji Hayavumi: Kumuaga Sista Dorcas Pokuaa Ntow wa Wodi ya Figo

Leo, Ijumaa tarehe 30 Agosti 2024, Sista Dorcas Pokuaa Ntow anastaafu baada ya kuitumikia Hospitali ya Misheni ya Abrewaso kwa miaka thelathini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na saba. Nimezihesabu mwenyewe, kwa sababu barua ya Utawala inasema "zaidi ya miaka thelathini", kana kwamba hiyo mitano na ushei ni nyongeza ya muuza nyanya.

Niliombwa niandike kwenye ratiba hii ya sherehe ukurasa mmoja na nusu, wenye furaha, usiotaja majina ya madaktari. Majina ya madaktari sitayataja. Furaha nitaitafuta. Ukurasa na nusu hautatosha, na mwenye haraka aende zake mezani akaanze kula.

Sista Pokuaa aliripoti kazini Jumatatu tarehe 3 Oktoba 1988, akiwa na miaka ishirini na minne, sanduku la bati na viatu vyeupe alivyovivaa mara ya kwanza siku hiyohiyo. Alipangiwa wodi ya wazazi, akahamishiwa upasuaji, na wodi ya figo ilipofunguliwa mwaka 2006 ikiwa na vitanda sita na feni moja, akakabidhiwa yeye. Kabla hajampokea mgonjwa wa kwanza alilala kwenye kila kitanda kwa dakika tano. Vitanda viwili alivirudisha stoo. "Springi inachoma ubavu," alimwambia mtunza stoo, "na hawa watu wanakuja hapa kwa sababu ya mbavu."

Wanafunzi wa uuguzi waliopita mikononi mwake hawasahau kalamu yake nyekundu. Ukiandika kwenye faili "mgonjwa yuko sawa", aliandika pembeni: "Sawa na nani?" Nyuma ya kiti chake kuna plasta iliyoandikwa "Pokuaa, hata nikifa", tangu daktari mmoja alipokibeba kwenda nacho ofisini kwake. Alimfuata, akamwomba ainuke, akakirudisha kichwani mwake akipita katikati ya wodi ya wanaume, na wagonjwa wakampigia makofi.

Mpaka hapo ndiyo furaha niliyoombwa. Sasa niseme kwa nini mtu huyu angepaswa kuagwa na umati uliosimama, huku wengine wetu tukiwa tumepiga magoti.

Wasiofanya kazi wodini kwetu wajue jambo moja. Daktari akitaka kujua figo inaumwa nini hasa, huchoma sindano ndefu mgongoni na kutoa kijipande chembamba kama uzi wa tambi. Mimi ndiye ninayeshika kifaa cha ultrasaundi na kumwonyesha sindano ipite wapi. Mgonjwa hulala chali saa kadhaa, tunaangalia mkojo wake, na kesho yake anakwenda nyumbani. Sote tulifundishwa kuiogopa siku ya kwanza, na siku ya kwanza ikipita salama tunafunga faili. Lakini figo imejaa mishipa ya damu. Sindano ikigusa ateri, ukuta wake unaweza kutuna polepole ukafanya kifuko kilichojaa damu, au ateri ikatobokeana na vena iliyo jirani, damu ikapita njia ya mkato kwa kasi. Mambo hayo hayana haraka. Yanaweza kukaa wiki mbili, mwezi, hata mwaka, mwenye figo akicheka na kula, halafu siku moja kifuko kinapasuka.

Mwezi Machi 2015 tulimchoma sindano hiyo Afua Kyerewaa, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja, aliyekuwa na kibanda cha chakula pale stendi. Wengi mliomo humu mlikula kwake. Alivimba miguu na uso, mkojo ukatoka povu, na sindano ikatuambia ugonjwa wake ni wa kutibika. Aliondoka kesho yake na karatasi yetu ya maelekezo, iliyonakiliwa kutoka kitabu cha ng'ambo: epuka kunyanyua vitu vizito na michezo ya kugusana.

Jumapili alikwenda kanisani na nguo nyeupe kutoa shukrani, akacheza mpaka mbele ya madhabahu. Siku ya kumi akaja wodini kutushukuru sisi. Alikuja na sufuria ya supu ya mbuzi na bakuli kubwa la fufu, mihogo na ndizi zilizotwangwa kwenye kinu, lililofunikwa kwa kitambaa kilichopigwa pasi. Hapa kwetu mgonjwa aliyepona asipoleta chakula anaonekana ametususa, na sisi tusipokula tunaonekana tumemkataa. Tulikula. Mimi nilikula mara mbili.

"Afua, nani kakutwangia?" Sista aliuliza huku analamba kidole.

"Nani tena, Maa? Mwenyewe! Mtwangaji wangu kaenda msibani. Kinu kizima nimekimaliza peke yangu, hebu tazameni mkono huu!"

Alikunja ngumi akauonyesha mkono, na wodi nzima ikampigia makofi. Sista Pokuaa naye alipiga. Ameniruhusu niandike hilo, na amesisitiza nisiliruke.

Siku ya kumi na tatu Afua alirudi, safari hii bila sufuria. "Maa, mkojo umekuwa sobolo," alisema, akatoa chupa kwenye mkoba. Ulikuwa mwekundu hasa, kama sobolo, juisi ya maua ya rosela inayouzwa getini kwetu.

Daktari alimleta kwangu. Nikaweka kifaa mgongoni, nikaona duara jeusi, safi, la ukubwa wa zabibu. Kwenye picha yangu maji huonekana meusi. Damu nayo huonekana nyeusi. Kitufe cha rangi kinachoonyesha kama kitu kilichomo kinakimbia au kimetulia kilikuwa chini ya kidole changu, na sikukibonyeza. Kulikuwa na foleni ya watu kumi na tisa, na siku ya kumi na tatu haikuwa katika siku nilizofundishwa kuogopa. Nikaandika: "Kifuko cha maji, hakina madhara." Daktari akaandika dawa ya maambukizi ya mkojo.

Sista Pokuaa alimkalisha Afua kwenye benchi la korido, akavuta blauzi yake nyuma, akaweka stetoskopu chini ya mbavu za kushoto. Akasikiliza muda mrefu. Akaiweka upande wa kulia, akairudisha kushoto. Kisha akamshika mkono akamleta chumbani kwangu, akapita foleni yote.

"Yaw, hiki ulichokiita maji kinavuma."

"Maa, ni kifuko cha maji tu. Watu tele wanavyo na wanazeeka navyo."

"Maji hayavumi, mwanangu. Rudia."

Nilimwambia alete karatasi ya daktari. Ndiyo kanuni, hakuna picha ya pili bila karatasi ya pili, na mimi siku hiyo niliipenda kanuni kuliko mtu. Akaenda kwa daktari, na daktari akamjibu mbele ya wagonjwa.

"Sista, tangu lini wauguzi wanasikiliza migongo ya watu? Ukitaka udaktari, fomu za chuo zinatoka Septemba."

Watu walicheka. Afua mwenyewe alicheka, akamvuta Sista mkono. "Maa, acha tu. Nitameza hizo dawa. Wasije wakakugombeza kwa ajili yangu."

Siku ya kumi na saba Afua Kyerewaa alianguka kibandani kwake. Hakuwa na mchi mkononi. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, anamenya ndizi. Teksi ilimfikisha getini kwetu akiwa ameshakata roho, tumbo limejaa damu, na Sista Pokuaa ndiye aliyemfunga kidevu.

Nimeandika hayo kwa utulivu kwa sababu mhariri wa ratiba aliniomba. Sasa utulivu umekwisha.

Kamati ya watu watano iliketi kuchunguza kifo hicho. Iliketi mara moja, ikanywa chai, ikaandika: "Mgonjwa alikiuka maelekezo ya kutonyanyua vitu vizito kwa kutwanga fufu." Wawili kati ya hao watano walikula fufu hilo! Walilila kwa mikono yao, wakasifu supu, halafu wakalifanya shahidi dhidi ya maiti. Na maelekezo gani aliyakiuka? Kwa mwanamke wa Abrewaso mchi si kitu kizito. Kitu kizito ni gunia la mihogo. Mchi ameushika tangu ana miaka saba. Nani alimwambia? Nani kati yetu aliyesoma karatasi ile akajiuliza kama mtu wa hapa, asiyejua hata hiyo michezo ya kugusana ni kitu gani, ataelewa nini?

Wala sisemi ni mchi uliomuua. Hakuna ajuaye. Kifuko kile huenda kingepasuka hata angelala kitandani mwezi mzima. Ninachokijua ni kwamba alirudi. Alirudi kwa miguu yake, na chupa mkononi, siku nne kabla, na tulikuwa na mashine, na tulikuwa na mtu mmoja aliyesikia. Tulimrudisha nyumbani na vidonge. Kamati ililiweka kosa lote juu ya mchi ili pasiwe na wa kutazama sindano, wala picha, wala kicheko cha kwenye korido.

Halafu ikampa Sista Pokuaa barua ya onyo. Kosa lake: "kuvuka mipaka ya taaluma". Barua hiyo bado imo kwenye faili lake leo hii, siku anayokabidhiwa friza na cheti chenye fremu ya dhahabu. Mimi sikupewa barua. Kuhusu picha yangu iliandikwa kwamba kosa hilo "linaeleweka katika mazingira yale". Nimelibeba neno hilo kwa miaka tisa, na nawaambia waliolitunga kwamba ningependelea barua.

Wiki ya mazishi nilikwenda nyumbani kwa Sista nikalia kama mtoto. Hakunibembeleza. "Kulia utalia baadaye, Yaw," alisema. "Kesho bonyeza kitufe." Tangu siku hiyo sijampiga mtu picha ya figo bila kukibonyeza.

Yeye alikwenda mbali zaidi. Aliketi mezani kwake akaandika karatasi moja kwa lugha yetu ya Kitwi, Kitwi cha sokoni, akaipeleka Utawala ikapigwe chapa na kupewa kila anayechomwa sindano ya figo. Mwaka 2016 ikajibiwa kwamba haiko katika mpangilio rasmi. Mwaka 2018 ikajibiwa kwamba itawatia wagonjwa hofu. Baadaye ikapelekwa kwenye kamati ndogo, na hiyo kamati ndogo nimeitafuta sana. Haina mwenyekiti, haina chumba, haijawahi kukutana.

Wala hakuingoja karatasi ijibiwe, akatumia mdomo. Kwa miaka tisa amempigia simu kila mgonjwa wa sindano ya figo siku ya tatu, siku ya kumi na mbili na siku ya ishirini na moja, kwa simu yake na salio lake. Baada ya miezi mitatu humwita aje asikilizwe mgongo. Maswali yake ni yaleyale: mkojo una rangi gani, ubavu unauma, nani anatwanga hapo nyumbani?

Simu hizo zilimletea visa. Mwaka 2019 alimpigia mzee wetu Opanyin Kwame Tabiri, mpiga ngoma wa kwaya ya Wamethodisti, na simu ikapokewa na mkewe, Maame Yaa Brago.

"Wewe mwanamke ni nani unamuuliza mume wangu habari za mkojo?"

"Ni nesi, mama. Wa hospitali."

"Manesi wote wa mjini wanasema hivyohivyo! Njoo basi uuone mwenyewe huo mkojo, nikuoneshe na njia ya kurudi!"

Sista alikwenda. Alipanda gari mpaka kwao, akakuta Maame Yaa Brago amejifunga kitambaa kiunoni tayari kwa vita, akaishia kunywa maji na kumfundisha kuweka sikio mgongoni kwa mumewe, chini ya mbavu, kila Jumapili kabla ya ibada. Miezi miwili baadaye simu ikaja kutoka upande wa pili. "Sista, mume wangu anavuma. Anavuma kama friji kuukuu." Tulimpiga picha nikiwa nimebonyeza kitufe, na ateri na vena zilikuwa zimetobokeana. Presha yake ilikuwa juu hatari. Tukampeleka Accra, daktari akapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja mpaka kwenye figo, akaliziba tundu kwa ndani. Opanyin Tabiri ndiye aliyewapigia ngoma mlipokuwa mnaingia ukumbini leo. Mkewe amekaa safu ya mbele, na hajaacha kumsikiliza mgongo.

Kwa miaka hiyo tisa Sista Pokuaa amewakamata watu saba kwa njia hiyo, wengine wakati picha ya kwanza ilikuwa safi kabisa. Wote saba wako hai. Ripoti za mwaka za hospitali zinawataja kama "mafanikio ya idara ya figo". Jina lake halimo hata mara moja.

Anaondoka akiacha orodha. Kwenye daftari lake kuna watu kumi na mmoja waliochomwa sindano miezi hii mitatu, ambao muda wao wa hatari haujapita. Tangu Mei ameuandikia Utawala mara tatu akiuliza ni nani atakayewapigia kuanzia Jumatatu. Hajajibiwa. Alijibiwa kuhusu rangi ya friza. Juzi nilimkuta stoo, amekaa juu ya boksi na daftari mapajani, analia kwa hasira. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kuona machozi yake, hata kwa Afua.

"Yaw, nitawapigiaje?" aliniuliza. "Nikiwapigia baada ya leo mimi ni nani? Ni mwanamke tu anayeuliza mikojo ya watu."

Basi, Sista, sikiliza, na wote mlio ukumbini sikilizeni. Daftari lako liko mfukoni mwangu, ulinipa jana. Jumatatu ni siku ya kumi na mbili ya fundi viatu wa Asuoso, na nitampigia saa mbili asubuhi. Mwisho wa mwezi nitamfundisha nesi mmoja kusikiliza, na mwezi unaofuata mwingine. Hilo sihitaji karatasi ya daktari.

Na kuhusu karatasi yako. Utawala ulipitisha rasimu ya ukurasa na nusu, wenye furaha, ukaidhinisha nakala mia nne za ratiba hii zipigwe chapa. Hii mnayosoma siyo ile rasimu. Niliibadilisha kwa mpiga chapa jana mchana, na mhuri wa idhini uko palepale chini ya jalada. Kwa hiyo karatasi ya Sista Pokuaa, iliyokataliwa tangu 2016, imepigwa chapa leo na hospitali yenyewe, nakala mia nne. Nikipewa barua ya onyo, naomba iwekwe faili moja na yake. Kila mmoja aende nayo kwao, amsomee aliyeko nyumbani:

"Wewe uliyechomwa sindano ya figo. Usitwange fufu wiki nne, hata ukisikia nguvu zimerudi. Usibebe maji kichwani, usilime. Mkojo ukiwa mwekundu kama sobolo, hata kama mwezi umepita, njoo siku hiyohiyo. Ubavu ukiuma, au ukasikia kizunguzungu, njoo. Ukifika, usiseme tu naumwa. Sema: nilichomwa sindano ya figo, tarehe fulani. Wakikuambia uende nyumbani, kataa kuondoka mpaka wausikilize mgongo wako na wakupige picha ya rangi. Usiogope kuwasumbua. Usicheke ili kunifurahisha mimi. Dorcas Pokuaa Ntow, muuguzi."

Maa, asante kwa miaka thelathini na mitano, miezi kumi na siku ishirini na saba. Asante kwa wale saba. Tunakuombea usingizi mrefu, wajukuu wenye kelele, na asubuhi zisizo na kengele ya wodi. Kiti chako hakuna atakayekikalia.

Ninyi wageni, chakula kiko tayari. Baada ya Afua, Sista hakugusa tena fufu ndani ya geti hili, na leo ameomba mwenyewe lipikwe, ili ale na sisi kabla hajatoka. Bakuli likifika mezani kwenu, msinawe kwanza. Ulizeni nani ametwanga.

Yaw Asiama
Chumba cha Ultrasaundi